Funguo Nne: Hotuba ya Kukabidhi Kiti cha Klabu Yetu, Mbeya

Wengi hamkufika ukumbini Soweto Jumamosi ile. Wengine mko mashambani mnavuna mahindi, wengine mlikuwa Tunduma kwenye biashara, na mmoja ameniandikia kwamba baridi ilimshinda. Mmeomba hotuba yote, basi hii hapa, kama nilivyoisema. Majina ya waliotuzwa nimeyaondoa: wawili wao waliomba hivyo, nikaona si haki kuwataja wengine na kuwaacha wao. Pale mshereheshaji aliponikatisha kwa ajili ya muziki nimeparuka.

*

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu wa dini, wenyeviti wa mitaa mliotembea nasi mwaka mzima, wanachama wenzangu, baba zangu, mama zangu, na nyinyi wanangu mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha. Itifaki imezingatiwa.

Mugonile! Mwagona! Kamwene!

Na ambao hamjasikia salamu ya kwenu, habari za jioni.

Mheshimiwa mgeni rasmi, umetoka Dar es Salaam na koti la kitambaa chepesi. Pole sana baba. Hii ndiyo Mbeya ya mwezi wa sita. Mama hapo mbele, hebu mpe mgeni hilo shuka la kimasai ajifunike, asione aibu, hapa hata maharusi hufunika suti zao. Ahsante.

Nimepewa dakika ishirini. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi, nimehesabu mapigo ya moyo ya watu kwa saa hii iliyobandikwa kifuani, kwa hiyo mkiniona naiangalia msidhani nina haraka. Ni mazoea.

Ndugu zangu, muda si mrefu mtaona mkufu huu ukitoka shingoni mwangu ukienda shingoni mwa kijana wetu. Mtapiga picha. Picha zitakuwa nzuri, maana mpiga picha tumeshamlipa. Lakini kabla hamjainua simu zenu nataka kuwauliza: hivi mkufu huu unafungua nini?

Nauliza tena. Unafungua nini?

Kimya. Basi niwasimulie.

Miaka mitatu iliyopita nilivishwa mkufu huu huu. Kulikuwa na keki, tulilishana, nikacheza na mume wangu nyimbo mbili, nikaenda nyumbani nimejaa sifa. Wiki ya tatu, asubuhi sana, simu ikaita. Mwalimu wa zamu, shule moja ya msingi huko juu mlimani, ile ambayo klabu yetu iliwawekea pampu na matangi. Akaniambia, "Mama, maji hayatoki. Chumba cha pampu kimefungwa na ufunguo mnao nyinyi." Nikamuuliza, sisi nani? Akasema, "Klabu."

Klabu ni mimi. Na mimi ufunguo sina.

Nikampigia katibu. Katibu akasema, muulize mwekahazina. Mwekahazina akasema, mimi natunza fedha, funguo sijawahi kukabidhiwa. Mwenyekiti niliyempokea alikuwa amehamia Sumbawanga kikazi, na mtandao huko siku hizo ulikuwa wa kubembeleza. Alipopatikana hewani alicheka, akasema, "Ah, dada, upo! Nenda nyumbani Uyole kwa shemeji yako, fungua kabati la vyombo, droo ya chini, kuna kopo la siagi."

Nikaenda Uyole. Nikalipata kopo. Ndani yake kulikuwa na vifungo vya mashati, sindano, betri zilizokufa, na funguo saba. Funguo saba, hakuna hata mmoja wenye alama. Nikabeba kopo zima kama mtu anayebeba ubani, nikapanda nalo hadi shuleni. Mlinzi akajaribu wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, wa nne. Wa tano ukafungua.

Na ndani kulikuwa na ubovu gani? Hakukuwa na ubovu. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, swichi ikajishusha yenyewe. Mlinzi akainyanyua kwa kidole kimoja, pampu ikanguruma, maji yakapanda. Kidole kimoja, ndugu zangu.

Nikamuuliza mwalimu, imekuwa siku ngapi? Akasema, 11. Siku 11 watoto wa darasa la tatu wanashuka bondeni na dumu za lita tano, wanapanda nazo, wanachelewa kipindi cha kwanza, halafu wanaambiwa wachelewaji wapige magoti. Kwa sababu ya kopo la siagi.

Sasa nani alikosea? Mwenzangu hakuuficha ule ufunguo. Hakuna aliyemwambia ni sehemu ya makabidhiano. Mimi ndiye niliyepokea mkufu, nikapokea keki, nikapokea vigelegele, wala sikuuliza: na funguo? Na madeni? Na ahadi mlizowaahidi watu, ni zipi? Sikuuliza. Niliona aibu kuuliza maswali ya stoo siku ya sherehe.

Mwanangu, mwenyekiti mteule, uko wapi? Nyanyua mkono wakuone. Wewe leo uliza. Uliza mbele ya watu wote hawa, mimi nimekuja nimejiandaa.

(Hapa aliuliza kweli. Alisema, "Mama, tunadaiwa?" Ukumbi ulicheka sana. Jibu liko chini.)

Jamani, kukabidhi si jambo geni huku kwetu. Mimi ni mtu wa Tukuyu. Wazee wetu Wanyakyusa walikuwa na jambo liitwalo ubusoka. Kizazi cha vijana kilipokomaa, kiasi cha kila miaka 30 au zaidi kidogo, nchi ilikabidhiwa kwao. Malafyale mzee, yaani chifu, akawaachia wanawe. Na siku hiyo moto wa kila nyumba ulizimwa. Kila nyumba! Hebu fikiria baridi hii, Rungwe, na jiko halina kaa hata moja. Halafu moto mpya ukapekechwa kwa vijiti, ukagawiwa nyumba kwa nyumba, na vijana wakaanza kutawala wakiota moto wao wenyewe.

Naupenda sana ule moto mpya. Maana kuna klabu, na kuna makanisa, na kuna vikundi vya kukopeshana, ambavyo vinaota moto uliowashwa na marehemu. "Tangu zamani tunafanya hivi." Nani alisema? "Tangu zamani." Kwa hiyo mwanangu, ukitaka kuzima baadhi ya majiko yetu, zima. Mkutano wa saa tatu asubuhi unaoanza saa tano, uzime. Ile kamati ya kuandaa kamati, izime kabisa.

Ila nakumbusha: waliozima moto hawakutupa majiko. Asubuhi yake hakuna aliyeuliza ng'ombe wetu wako wapi.

Na kuna sehemu moja ya ubusoka ambayo hainifurahishi. Malafyale aliyekwisha kukabidhi hakutegemewa kuishi siku nyingi baada ya hapo. Hiyo naomba klabu isiifufue. Mimi nataka kuishi, nina wajukuu wanne na shamba la viazi.

Mwalimu Nyerere alitupa neno. Kiswahili kilikuwa na kustaafu, kujiuzulu, kufukuzwa, kupinduliwa. Yeye akaleta kung'atuka kutoka Kizanaki cha kwao, na Novemba 1985 akamkabidhi nchi Mzee Ali Hassan Mwinyi, sote tuliokuwa wakubwa tukashuhudia kwa redio. Lakini vijana wengi hamjui kwamba alikwisha kufanya zoezi hilo mapema. Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama vijijini. Wiki sita! Sisi wengine wiki sita tunakuwa bado tunachagua rangi ya sare.

Na tuseme yote. Aliacha urais 1985, lakini uenyekiti wa chama akabaki nao mpaka 1990. Kuna wanaosema ilikuwa busara, amshike mkono mwenzake. Kuna wanaosema angeacha vyote kwa pamoja. Mimi siingii humo. Nasema tu juu yangu mwenyewe: miezi sita simu yangu iko wazi, usiku na mchana, niulize chochote. Mwezi wa saba mkinipigia kuniuliza chai inywewe kabla ya hotuba au baada, sipokei.

Halafu kuna hili la muda, ambalo lazima nilitubu hapa. Sisi si Rotary wala si Lions, zile klabu za kujitolea za dunia nzima, ni klabu ndogo ya watu wa Mbeya tuliojikusanya wenyewe. Lakini desturi ya kupokezana kiti kila mwaka, na mwaka wenyewe kuanza Julai mosi, tumeiazima kwa Rotary, tusijifanye tumeigundua. Wale walianza watu wanne, Chicago, Februari 1905. Walikutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule, na jina lao likatokana na huko kuzunguka. Mwenye wazo alikuwa mwanasheria, Paul Harris. Sasa nani alikuwa mwenyekiti wa kwanza? Mtasema Harris. Hapana. Alikuwa Silvester Schiele, mfanyabiashara wa makaa ya mawe. Mwenye wazo alikaa pembeni, kiti kikamjia baadaye, akiwa wa tatu.

Katiba yetu inasema mwaka mmoja. Mimi nimekaa mitatu. Kwa nini? Kwa sababu kila Juni nilipouliza nani anafuata, nyote mliangalia chini ya meza kana kwamba mmeangusha sarafu. Nami, niseme kweli, mwaka wa pili sikuuliza kwa sauti kubwa sana. Kiti kina joto. Mtu akikaa sana anaanza kudhani joto ni lake.

Basi tuje kwa watu wetu. Hapa ndipo nilipotaka kufika, na dakika zikiisha mshereheshaji anivumilie.

Nilipokuwa bado kazini, ofisi moja, siitaji, iliwahi kunipa cheti. Karatasi nzuri, ngumu, yenye mkanda wa dhahabu. Jina langu lilikosewa herufi mbili. Chini wameandika: "kwa mchango wako mkubwa". Mchango gani? Hawakusema. Mwenzangu wa wodi ya jirani naye alipewa, cha kwake kimeandikwa hivyo hivyo. Dereva hivyo hivyo. Aliyefagia na aliyefanya upasuaji, wote "mchango wako mkubwa". Cheti hicho kiko chini ya godoro, kinazuia chaga isilie.

Mtu anajua ukimshukuru bila kujua alichofanya. Anajua kabisa. Ndiyo maana mwaka huu nilikataa orodha iliyoletwa na majina na pengo la kujaza. Nilisema, kila jina nileteeni na kisa. Asiye na kisa bado hatujamjua, tukamjue kwanza.

Mama, simama. Simama tu, najua hupendi.

Huyu mnayemwona anauza uji na chapati pale Kabwe. Februari 2022 wenzetu Malawi walitangaza kwamba mtoto mmoja wa Lilongwe amepooza kwa polio. Mtoto mmoja tu. Lakini Afrika ilikuwa imethibitishwa Agosti 2020 kuwa haina tena virusi vya asili vya polio, na Kasumulu si mbali, ukipanda gari asubuhi, mchana uko mpakani. Machi ile ile kampeni ya matone ikaanza kwenye mikoa yetu minne inayopakana na Malawi: Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Nyumba kwa nyumba, kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Mnakumbuka vile vikasha vya baridi begani, kidole kidogo kikipakwa wino, mlango ukiandikwa chaki?

Wachanjaji walikuwa na orodha yao. Mama huyu alikuwa na yake, kichwani. Alijua chumba cha uani ambako kuna binti wa kazi aliyejifungua na hataki kuonekana. Alijua wapangaji waliohamia juzi. Alijua mwenzake anayetoka saa kumi alfajiri kwenda Mwanjelwa kupokea nyanya na mtoto mgongoni, ambaye mchanjaji wa saa mbili hawezi kumkuta hata akirudi mara kumi. Basi akawaambia wachanjaji, njooni alfajiri, uji nitawapa mimi. Na wakaja. Yeye ndiye aliyegundua kitu ambacho sisi wenye vyeti vya uuguzi hatukukigundua: kuna milango yenye chaki lakini mtoto wake hana wino. Mtu amepita, amegonga, ameambiwa "wamechanjwa", ameandika, ameondoka. Mama akawa haangalii milango. Anaangalia vidole.

Baba mmoja alikataa kabisa. Kwa ukali. Mimi ningemweleza habari za virusi hadi jua lizame. Huyu hakumjibu baba. Alikwenda kukaa na bibi wa nyumba, wakachambua mboga, akamuuliza, "Bibi, unamkumbuka yule fundi viatu wa stendi, aliyekuwa anatambaa kwa mikono na ndala?" Bibi akanyamaza. Akamaliza mboga. Akaingia ndani, akamtoa mjukuu mwenyewe.

Makofi? Ngojeni kwanza. Mwanangu mwenyekiti, umemwona sura? Umeshika anapouzia? Siku ikitokea jambo mtaani, kabla hujaitisha kikao, nenda kanywe uji Kabwe.

Sasa pigeni makofi. Na vigelegele, mama zangu, msibane!

Wa pili yuko nje, anasema hawezi kuiacha bajaji peke yake. Mwiteni aje mlangoni.

Huyu kijana anaendesha bajaji, Mafiati hadi Uyole. Ni wa damu. Wengi wetu hapa tumekwisha kuwa na mgonjwa aliyehitaji damu, kwa hiyo sihitaji kueleza sana, ila niseme jambo moja ambalo kila muuguzi analijua. Damu nyingi ya nchi hii inatolewa na wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, Juni na Desemba, majokofu yanapungua. Lakini mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua hana likizo. Malori ya barabara ya Tunduma hayana likizo. Chembe sahani zenyewe, zile za kugandisha damu, hazihifadhiki zaidi ya siku tano hivi, kwa hiyo hata ukijaza leo, wiki ijayo unaanza upya. Na hakuna kiwanda. Hakuna kiwanda cha damu popote duniani, kiwanda ni mkono wako huo ulioshika soda.

Kituo cha damu salama cha kanda yetu yote ya Nyanda za Juu Kusini kiko hapa hapa Mbeya. Kijana huyu alisikia tukisema hayo kwenye kikao, hata hakuwa mwanachama, alikuwa ameleta abiria. Akanunua daftari la mia tano, akaliweka chini ya kiti cha bajaji. Kila abiria aliyekubali, anaandika jina, kundi la damu, tarehe aliyochangia. Mwanaume anamhesabia miezi mitatu, mwanamke minne. Siku ikifika anapiga simu. Anasema neno moja tu: "Kaka, umeiva." Halafu anakufuata, anakupeleka, anakurudisha, bure.

Mimi nimepigiwa! Nilikuwa nakaanga vitumbua. "Mama, umeiva." Nikamwambia mwanangu, mimi nimekwisha kupita umri. Akasema, "Basi niletee mtu mbadala."

Mwaka juzi tulimpa cheti. Alikikunja, akakichomeka nyuma ya kioo cha bajaji, abiria wakione. Masika yakaja. Sasa hivi kinaonyesha neno "hongera" na doa la buluu. Mwaka huu nilimuuliza, tukupe nini? Akaona aibu. Nikamuuliza tena. Akasema, "Mama, tairi za nyuma." Kwa hiyo leo hatoki na karatasi peke yake. Tairi mbili ziko hapo nyuma ya pazia, mpya, na fundi wa kuzifunga tumemlipa.

Wa tatu ni mwekahazina wetu mzee, karani mstaafu wa TAZARA. Huyu nitasema kwa kifupi kwa sababu ananitazama vibaya. Reli ile ina kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na kwa miaka yote aliyokaa stesheni hakuna gunia lililopita bila yeye kuliandika. Mimi mwenyekiti wake, niliwahi kumpelekea madai ya 18,000 ya bodaboda bila risiti. Akanirudishia. Nikamwambia, mzee wangu, ni mimi. Akasema, "Mwenyekiti, kitabu hakina macho, hakijui kama ni wewe." Nilinuna siku mbili. Zile 18,000 nililipa mfukoni mwangu, na mpaka leo nikikumbuka nanuna kidogo. Lakini mkaguzi alipokuja alimaliza kazi kabla chai haijapoa.

Wako na wengine. Waliozibua mtaro Sokomatola mvua zikinyesha. Mabinti waliokaa na wagonjwa wasio na ndugu wodini. Kaka aliyetupa gari lake la mkaa kubebea madawati, akalifuta mwenyewe kwa gunia ili madawati yasichafuke. Visa vyao vyote vimeandikwa kwenye daftari hili, kimoja kimoja, na daftari linakabidhiwa leo pamoja na mkufu. Nimeandika pia nani ana simu ya tochi tu, nani hapatikani Jumamosi kwa sababu ni Msabato, nani hapendi kuitwa mbele za watu. Klabu hii ilikuwa kichwani mwangu, na kichwa changu kinazeeka. Nimeihamishia kwenye karatasi.

Sasa swali la kijana. Tunadaiwa?

Tunadaiwa. Fundi bomba anatudai nusu ya kazi ya lile tangi la pili, amesubiri kwa uungwana tangu Machi, tafadhali awe wa kwanza kulipwa. Na tunadaiwa deni lingine ambalo halimo kwenye kitabu cha mzee. Mwaka juzi tuliahidi vijana wa Rungwe miche ya parachichi. Miche ikawa tayari Desemba, mvua zinanyesha vizuri, vijana wamechimba mashimo. Tukasema, tusubiri mgeni rasmi. Si wewe baba, tulia na shuka lako, ni mwingine. Januari mgeni ana udhuru. Februari ana safari. Machi ratiba imebanana. Mwishoni mwa Aprili akaja, tukakabidhi miche kwa picha na mashairi, na wiki mbili baadaye mvua zikakata. Mnajua kiangazi chetu. Mche mchanga, hakuna maji, mbuzi wamefunguliwa baada ya mavuno. Nilipokwenda Agosti nilihesabu miche iliyo hai kwa vidole, na vidole vikabaki.

Vijana hawakunilaumu. Mmoja aliniambia tu, "Mama, mashimo bado tunayo."

Uamuzi wa kusubiri ulikuwa wangu. Nilitaka picha. Kwa hiyo mwanangu, hilo ndilo deni ninalokuachia kwa masikitiko: mashimo yako tayari Rungwe, mvua huanza Novemba. Mgeni rasmi akiwepo, apande. Asipokuwepo, pandeni.

Mshereheshaji ananionyesha saa. Namaliza, njoo mbele mwanangu. Njoo karibu, usiogope, na mzee wangu wa hazina njoo na kitabu ushuhudie.

Hili ni daftari la watu. Hiki ni kitabu cha hesabu, salio limeandikwa ukurasa wa mwisho, lisome kwa sauti kabla hujaweka sahihi. Mkufu huu hapa, inama kidogo, ndiyo.

Na hizi ni funguo, ziko nne. Wenye uzi mwekundu ni wa chumba cha pampu, na wa akiba yuko nao mwalimu mkuu, nimempelekea mwenyewe. Wenye uzi wa kijani ni wa stoo ya viti. Wenye uzi mweupe ni wa sanduku la nyaraka, hapo kwa katibu.

Huu wa nne, mdogo, ulikuwa ndani ya lile kopo la Uyole. Nimeujaribu kwenye kila kufuli tunayoifahamu kwa miaka mitatu, haujafungua kitu. Nimeufunga uzi wa njano. Sahihi yako ni hapa.